Kioo kinasema hili, kinanda kinasema lile: kutibu paneli ya kompyuta ya sinthesaiza

Kinanda chenyewe ni Yamaha DX7, kile cha kwanza cha mwaka 1983, kilichonunuliwa mtumba na kwaya moja ya hapa Kirumba, Mwanza. Mwalimu wa kwaya alikipenda kwa zile kengele na piano yake ya umeme, akakichukia kwa mengine yote. Sauti moja ya DX7 ina vigezo 155. Usoni mwa kinanda kuna vitufe bapa, kijikioo cha mistari miwili, na kitelezi kimoja tu cha kuingizia thamani. "Fundi," akaniambia, "yaani nibonyeze hadi vidole viote sugu ili kengele ipungue ukali?" Ndipo nikaanza kuandika paneli ya kompyuta: vigezo vyote kwenye kioo kimoja, kila kimoja na kitelezi chake, na katikati kebo ya MIDI, ile lugha ambayo vyombo vya muziki na kompyuta huongea.

Paneli ilianza kufanya kazi wiki ya kwanza. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kazi hasa, ilikuwa kuifanya isiseme uongo. Karibu kila ugonjwa ulionipata ulikuwa uleule umevaa nguo tofauti: kioo kinaamini jambo hili, kinanda kinaamini lile. Nimeandika dalili kama wapigaji walivyozisema. Mifano ni ya DX7, ila mashine nyingi za umri wake zinaumwa hivyohivyo, na za kisasa zina nafuu kidogo tu.

Kwanza fungua dirisha la baiti

Usikisie. Kabla hujagusa msimbo wako, hakikisha unakiona kinachopita kwenye waya. Kwenye Windows kuna MIDI-OX, kwenye Linux kuna aseqdump na amidi. Mimi niliishia kuweka dirisha hilo ndani ya paneli yenyewe, upande wa chini, likionyesha kila ujumbe unaotoka na unaoingia, kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), pamoja na saa hadi milisekunde. Ilikuwa kazi ya jioni moja, na hakuna nilichokiandika kwenye mradi huu kilichonilipa kama hicho. Kumbuka tu kuzificha baiti FE, ambayo mashine huituma kila mara kusema ipo hai, na F8, ambayo ni saa ya mapigo. Usipozificha zitakufurikia kama dagaa kwenye ndoo.

Ujumbe wa kubadili kigezo kimoja kwenye DX7 ni baiti saba:

F0 43 10 00 10 63 F7

F0 inafungua ujumbe wa SysEx, yaani ujumbe maalumu wa mtengenezaji mwenyewe, na F7 inaufunga. 43 ni namba ya Yamaha. Katika 10 ya kwanza, tarakimu 1 inasema "badili kigezo" na 0 ni chaneli ya kwanza, kwa maana mashine huhesabu chaneli kuanzia sifuri wakati binadamu anaanzia moja. 00 10 ni kigezo namba 16, na 63 ni 99 kwa hesabu yetu ya kawaida. Kwa kifupi: ujazo wa opereta 6, moja ya jenereta sita za mawimbi zinazounda sauti ya DX7, uwe 99. Ukishaweza kusoma mstari huo bila kushika karatasi, nusu ya matatizo yatakayofuata utayaona kwa macho.

"Navuta kitelezi, kinanda kimya"

Angalia dirisha. Kama baiti hazitoki, tatizo liko upande wa kompyuta. Huenda umechagua poti isiyo yako. Windows huweka sinthesaiza yake ya ndani, Microsoft GS Wavetable Synth, kwenye orodha ya mahali pa kutuma, na programu nyingi hujichagulia iliyo ya kwanza. Unavuta weee, kumbe unazungumza na kompyuta yenyewe. Huenda pia programu nyingine ya muziki imeikalia poti, kwa sababu draiva nyingi za zamani za Windows humkubali mteja mmoja kwa wakati. Ifunge kabisa, usiipunguze tu chini. Na kama paneli yako inaendeshwa ndani ya kivinjari kama Chrome, ruhusa ya SysEx inaombwa peke yake, juu ya ruhusa ya kawaida ya MIDI, na ukurasa lazima uwe wa https au uwe kwenye kompyuta hiyohiyo. Ukiomba MIDI bila kutaja SysEx, noti zitapita, halafu ujumbe wako wa F0 utakataliwa.

Kama baiti zinatoka, tuma noti ya kawaida: 90 3C 64. Kinanda kikilia, waya ni mzima na chaneli ni sahihi. Kinachokataliwa ni SysEx peke yake. Kwenye DX7 bonyeza FUNCTION, kisha kitufe namba 8 mpaka uone SYS INFO. Ikiwa imeandikwa UNAVAIL, kinanda kinapokea noti na kuziba masikio kwa SysEx. Nilipoteza Jumamosi nzima hapo.

Kisipolia, badilishana vichwa vya kebo kwanza. Kwenye zile kebo za bei nafuu za USB, neno OUT kwenye kichwa linaweza kumaanisha "hiki kinaingia kwenye OUT ya kinanda" au "hiki ndicho kinachotoa", kutegemea aliyezitengeneza aliamkaje siku hiyo. Kuzibadilisha hakuunguzi kitu.

"Navuta opereta 1, inabadilika opereta 6"

Hii ni ya kwako wewe mwandishi wa programu. DX7 inaanza kuhesabu opereta kutoka ya sita. Vigezo 0 hadi 20 ni vya opereta 6, 21 hadi 41 ni vya opereta 5, na kuendelea hivyo mpaka opereta 1 inayoshika 105 hadi 125. Kanuni yake: toa namba ya opereta kutoka 6, zidisha kwa 21, kisha ongeza nafasi ya kigezo ndani ya opereta. Ujazo uko nafasi ya 16, kwa hiyo ujazo wa opereta 1 ni kigezo 121.

Ndugu yake dalili hii ni huyu: vigezo vyote vya opereta vinatii, ila algoriti (mpango wa opereta ipi inaathiri ipi) haibadiliki, au unapoibadili kunatokea mambo ya ajabu kwingine. Algoriti ni kigezo 134. Baiti ya data kwenye MIDI ina biti saba tu, yaani mwisho 127. Ukiituma 134 ilivyo, inasafiri kama 86, ambayo kwenye MIDI maana yake ni kuzima noti kwenye chaneli ya saba. Kinanda kinaona ujumbe umekatizwa katikati na kuutupa. Ukijifanya mjanja ukaikata biti ya juu, 134 inageuka 6, na sasa kila ukichagua algoriti unavuruga envelopu ya opereta 6, yaani namna inavyopanda na kushuka. Jibu ni kuigawa: 134 ni 128 mara moja, jumlisha 6, hivyo baiti mbili za kigezo ziwe 01 06. Ndiyo kazi ya ile 00 iliyokaa kimya kwenye mfano wetu wa kwanza.

Vilevile usidhani kila kitu kinafika 127. Ujazo unaishia 99. Algoriti hutumwa 0 hadi 31 na kuonyeshwa 1 hadi 32. Mchepuko mdogo wa noti hutumwa 0 hadi 14, katikati ikiwa 7, ila mpigaji anatarajia kuona −7 hadi +7. Weka jedwali moja ndani ya programu lenye kiwango cha chini, cha juu na cha kuonyesha kwa kila kigezo, kisha kila kitu kipite humo. Ukianza kutoa moja hapa na kuongeza moja pale ndani ya msimbo wa kila kitelezi, utaandika paneli hii mara mbili.

"Nikivuta, sauti inafuata baada ya sekunde mbili"

Hapa tukae kidogo.

Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti inabeba biti kumi, kwa kuwa kuna moja ya kufungua na moja ya kufunga, hivyo unapata baiti 3,125 kwa sekunde, au mikrosekunde 320 kwa kila baiti. Ujumbe wetu wa baiti saba unachukua milisekunde 2.24. Si haba.

Sasa chukua kipanya cha kawaida cha USB, kinachotoa taarifa mara 125 kwa sekunde, na programu inayotuma ujumbe kwa kila taarifa. Kitelezi kimoja ni baiti 875 kwa sekunde. Waya unahema lakini unabeba. Mwalimu wa kwaya akaniomba kitelezi kikuu kinachovuta ujazo wa opereta zote sita kwa mpigo. Hiyo ni baiti 5,250 kwa sekunde kwenye waya wa 3,125. Ukivuta sekunde tatu umezalisha baiti 15,750, zimepita 9,375, na 6,375 ziko kwenye foleni. Umeshaachia kipanya, umeshakunja mikono, na kinanda kinaendelea kubadilika kwa sekunde mbili nyingine. Wanaokumbuka Kigongo kabla ya daraja wanaijua hali hii: kivuko hakijaharibika, malori ndiyo yanakuja haraka kuliko kinavyovusha.

Kosa nililolifanya ni kuongeza ukubwa wa foleni. Ilikuwa sawa na kupanua uwanja wa kuegesha malori.

Dawa ni kuacha kutunza historia. Kinanda hakihitaji kujua kwamba ujazo ulipita 41, 42, 43. Kinahitaji kujua ulipo sasa. Kwa hiyo badala ya foleni, tunza jedwali lenye nafasi moja tu kwa kila kigezo. Kitelezi kikisogea, andika thamani mpya juu ya ya zamani. Pembeni kuna saa inayoamka kila milisekunde 30 na kutuma zilizobadilika tu. Opereta sita ni baiti 42, kama milisekunde 13.4, hivyo unabaki na zaidi ya nusu ya waya. Hiyo nusu si ya mapambo: noti nazo zinapita humohumo, na noti iliyochelewa husikika na kila mtu kanisani, wakati kitelezi kilichochelewa anakijua mpigaji peke yake. Noti zitangulie daima.

Mashine za zamani zina prosesa ndogo inayofanya kila kitu, ikiwemo kuandika kwenye kijikioo. Kwa hiyo hata waya ukiwa na nafasi, acha pumzi kati ya ujumbe na ujumbe. Anza na milisekunde chache, punguza mpaka kianze kukosea, kisha rudi nyuma hatua mbili.

"Kitelezi kinarudi nyuma chenyewe"

Mpigaji anavuta kitelezi cha kinanda, paneli inapokea, inasogeza kitelezi chake kwenye kioo, na kitelezi cha kioo kikisogea kinafanya kilichofundishwa: kinatuma. Thamani ya nyuma kidogo inarudi kwenye kinanda wakati mkono wa mtu umeshafika mbele. Unapata mvutano, kitelezi kinatetemeka kama mtumbwi kwenye wimbi la pembeni, na dirisha la baiti linaonyesha kila ujumbe unaoingia ukifuatwa na pacha wake anayetoka. Ukiona mapacha, umeshajua.

Tenganisha "thamani imebadilika" na "mtu ameibadilisha". La pili tu ndilo litume. Kwenye JUCE, maktaba ya C++ ya kuandikia programu za sauti, unapoweka thamani kwenye kitelezi ongeza dontSendNotification. Kwenye ukurasa wa wavuti, kuweka thamani kwa msimbo hakuamshi tukio la input, kwa hiyo huko ugonjwa huu ukikupata, ujue umeulea kwa mkono wako. Ongeza na kanuni moja zaidi: wakati kidole cha mtu kiko juu ya kitelezi cha kioo, na kwa robo sekunde baada ya kuachia, puuza yanayoingia kuhusu kigezo hicho. Mwenye mkono juu ndiye mwenye haki.

"Nimebadili sauti kwenye kinanda, kioo kimebaki na ya jana"

Hapa ndipo nilipobadili mawazo kuhusu paneli nzima. Toleo langu la kwanza likifunguka lilionyesha vitelezi vyote sifuri, vimenyooka, vinapendeza. Mpigaji akagusa kimoja, kikatuma, sawa. Tatizo ni kwamba vile vingine 154 vilikuwa vinadanganya: kinanda kilikuwa na thamani zake na kioo hakikuzijua. Toleo la pili lilikuwa baya zaidi, maana lilituma vyote mara tu lilipofunguka ili "kulinganisha", likafuta sauti ambayo mpigaji alikuwa ameihangaikia nusu saa bila kuihifadhi.

Toleo la sasa halitumi chochote likifunguka. Kila kitelezi ambacho thamani yake haijulikani huchorwa kwa kijivu, bila kichwa. Kinapata rangi kwa njia mbili tu: kinanda kimesema, au mtu amekivuta. Mpigaji akibadili sauti kwenye kinanda, paneli inapokea ujumbe wa kubadili sauti na vyote vinarudi kijivu hadi data ije. Mwalimu wa kwaya alilalamika kwamba kijivu kinaonekana kama mtambo umezimika. Nikamwambia, "Mwalimu, kijivu ni ukweli." Akacheka, akaomba angalau kiwe cha samawati. Kikawa cha samawati.

Mashine za baadaye huitikia swali F0 7E 7F 06 01 F7, yaani "wewe ni nani?", na nyingi hukubali kuombwa data ya sauti iliyopo. DX7 ya kwanza haijibu swali hilo. Kwa hiyo weka muda wa kungoja, nusu sekunde inatosha, na ukipita endelea bila kulia.

"Furushi la sauti 32 haliingii"

Furushi hilo ni baiti 4,104: sauti 32 zilizobanwa kwa baiti 128 kila moja, pamoja na kichwa na mkia. Linachukua sekunde 1.3 kwenye waya. Likigoma, anza na ulinzi wa kumbukumbu, MEMORY PROTECT, upande wa INTERNAL, lazima uzimwe. Kisha mshuku kebo. Kebo nyingi za bei ya chini hupitisha ujumbe mfupi vizuri na kuukata mrefu, au kudondosha baiti katikati. Hesabu zinazofika: ukituma furushi hilo kwenye kompyuta nyingine na zikafika 4,104 kamili zikiwa na F7 mwishoni, kebo imepona lawama. Zikipungua, hakuna msimbo utakaokuokoa, tafuta kebo nyingine.

La tatu ni baiti ya hakiki, inayokaa kabla ya F7. Jumlisha data zote 4,096 bila kichwa, geuza jumla iwe hasi, bakiza biti saba za chini. Watu wengi hujumlisha na kichwa humohumo.

La nne: sauti moja ikienda peke yake ni baiti 155 za data, kigezo kimoja kwa baiti, lakini ndani ya furushi imebanwa kuwa 128. Ukimwaga ile ya 155 humo, furushi lina urefu usioeleweka na linakataliwa. Hilo ni heri. Msiba ni kufungua ya 128 kama ya 155, maana kioo kitajaa namba zinazofanana na ukweli.

Na furushi likiingia linafuta zote 32 zilizokuwemo. Nalijua hili kwa sababu nilifuta za kwaya siku moja kabla ya tamasha, na ile ya kengele niliijenga upya kwa kusikiliza rekodi ya simu. Siku hizi kitufe cha kutuma furushi hakiwaki mpaka paneli iwe imepokea na kuhifadhi lile lililomo kwenye kinanda. Kwa kazi za kila siku tuma sauti moja, baiti 163 kwa jumla: inakaa kwenye eneo la kuhariri tu, na zilizohifadhiwa haziguswi.

"Kuna mlio wa nzi kwenye spika nikichomeka laptopu"

Si programu. Chomoa chaja ya laptopu. Mlio ukikoma, ni mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kupitia waya za ardhi, kati ya chaja na mikisa. Viingilio vya MIDI vya pini tano vimetengwa kwa mwanga ndani yake, kwa hiyo mara nyingi mkosaji ni waya wa sauti, au USB kwenye sinthesaiza za kisasa. Wakati wa ibada tunatumia betri ya laptopu.

"Jana ilikuwa sawa, leo sauti zote ni takataka"

Umeme ulikatika usiku, paneli ikalaumiwa asubuhi. Ndani ya DX7 kuna betri ya voti 3 inayotunza kumbukumbu, nayo imechomelewa kwenye bodi. Ikichoka, kinanda kinafanya kazi vizuri mpaka kizimwe, kisha kinaamka na majina ya ajabu kwenye kijikioo. Pokea furushi la sauti 32 mapema, kabla betri haijafika huko, ulihifadhi mahali pawili. Mpe fundi wa redio aitoe na kuweka kishikizi cha betri badala ya kuchomelea nyingine. Kikirudi, zima ulinzi wa kumbukumbu, tuma furushi, kisha zima kinanda dakika kumi na ukiwashe tena. Sauti zikiwa bado zipo, rudishia kifuniko skrubu zake.